Ni Nini Iliua Mashini ya Baba?

Labda nawe uko na mudogo ao yaya ambaye kuko neno kati yenu tangu utoto. Neno lile kila mutu analijua, lakini siku ya sikukuu, wakati wote mumekaa mezani, hakuna anayelitaja. Kama ni vile, keti kidogo nikuelezee habari ya mashini moja ndogo ya treni. Urefu wake ni sentimetre 20 tu, lakini ilikaa kati yangu na mudogo wangu miaka 43.

Baba yetu alikuwa fundi kwenye depo ya mashini za reli, hapa Lubumbashi. Tulikaa Makomeno, kati ya jamaa zingine za watu wa reli, na saa ya kulala tulisikia filimbi za treni sawa wengine wanasikia majogoo. Vijana wa leo wanaona reli ni kitu cha wazee. Baba hakukubali maneno ya vile. Alitukumbusha kwamba treni ya kwanza ilifika hapa mwaka wa 1910, kutoka upande wa Rhodesia, na muji wenyewe, Elisabethville, ulianzishwa mwaka ule ule. Tena alijivuna kwamba tangu 1952 treni zilitembea na umeme kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke, wakati inchi nyingi zilikuwa bado zinachoma makaa. Wakati wa kueleza hiyo 1952 alisimama kabisa kwa kiti. Mama alicheka na kumuambia akae, ugali unapoa.

Mwaka wa 1974, mukubwa mumoja wa kazi alirudia kwao Ubelgiji, akamuachia baba karto moja. Ndani mulikuwa reli ndogo za kuungana, transfo, mabehewa matano na mashini moja ya rangi ya majani. Haikuwa kitu cha kuchezea cha soko, ilikuwa mufano wa kweli: kila kipimo kiligawanywa mara 87. Upana wa reli zake ulikuwa milimetre 16,5, maana reli ya Ulaya ni milimetre 1435. Baba aliona mara moja: «Hii haiko ya kwetu. Ya kwetu ni 1067. Wangeitengeneza kwa reli yetu, ingekuwa na milimetre 12 tu.» Lakini aliipenda vile vile.

Ilitoka kwa karto siku ya yenga tu, kiisha kutoka kanisani na kula. Baba alipanga reli juu ya meza, akapangusa kila chuma na kitambaa, akaweka mashini pole pole na vidole viwili. Sisi wawili tulisimama, mikono kwa mugongo. Sheria ilikuwa moja: kuangalia na macho, kusikia na masikio, basi. Na sheria ingine ndani ya ile: hata ukiruhusiwa kuishika siku moja, usiisukume na mukono.

Juu ya nini usiisukume? Hapa nikuombe uvumilivu, maana bila kuelewa hii hutaelewa kosa langu.

Moteri ndogo inazunguka mbio sana. Tuseme inazunguka mara 3000 kwa dakika. Gurudumu la mashini ile lina upana wa milimetre 12, kwa hiyo kila muzunguko linaendelea karibu milimetre 38. Kama ungefunga gurudumu kwa moteri yenyewe, mashini ingekimbia metre 114 kwa dakika. Unaona si kitu, lakini zidisha mara 87: ni sawa treni ya kweli inakimbia karibu kilometre 600 kwa saa! Ingeruka meza na kupasuka kwa ukuta. Tena haingekuwa na nguvu hata ya kuvuta behewa moja. Kwa hiyo mafundi wanaweka kwa moteri visi moja, ile wanaita visi isiyo na mwisho, na chini yake kigurudumu chenye meno. Sisi kwa kazi tunakiita pinyo. Visi ikizunguka mara moja, inasukuma jino moja tu. Pinyo ikiwa na meno 20, moteri itazunguka mara 20 kusudi gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapunguka, nguvu inaongezeka. Zile kilometre 600 zinakuwa 30, na hiyo ndiyo treni inaingia garini kwa heshima.

Lakini visi ile iko na tabia yake. Inasukuma pinyo, pinyo haiwezi kuisukuma. Ukisukuma mashini na mukono, magurudumu hayazunguki, yanaburutwa tu, na meno ndiyo yanaumia. Mashini kubwa za depo haziko vile. Kule moteri iko na pinyo ndogo inayoshikana na gurudumu kubwa la meno kwa akisi, ni kile chuma kinachounga magurudumu mawili. Baba alitueleza: «Mashini ya kweli ikikufa katikati ya pori, ingine inakuja kuivuta, na magurudumu yake lazima yazunguke. Ukiweka visi, utavuta namna gani?» Mimi nilisikia na sikio moja. Mudogo wangu, yeye alikuwa na miaka saba ao nane, alisikia na yote mawili. Ndiye aliuliza maulizo. Aliweza kukaa saa nzima anageuza buloni mukononi sawa mutu anasoma barua.

Kila posho baba alitupeleka wote wawili kwa depo. Mudogo wangu alirudi na mafuta mupaka kwa masikio.

Sasa ni mwaka wa 1979. Mimi nina miaka kumi na moja, yeye tisa. Tangu mayenga kadhaa mashini ilianza kutoa sauti: tok, tok, tok, kila gurudumu likizunguka. Tena mabehewa matano ilikuwa haiyawezi. Baba alitoa moja, kiisha mawili. Alisafisha reli, akatia tone la mafuta na sindano. Tok, tok. Alisema ataifungua siku akipata wakati.

Juma moja baba alisafiri na treni ya kazi. Mama alienda sokoni. Mimi nilitoa karto. Sina la kujitetea, musomaji, nilitaka tu kuiona inakimbia na moto wote, maana baba hakufikisha hata siku moja kifungo cha transfo mupaka mwisho. Mimi nilifikisha. Ilizunguka labda mara nne, tok-tok-tok-tok sawa mutu anagonga mulango, halafu ikasimama. Moteri iliendelea kulia, magurudumu kimya. Nilishikwa na woga, nikafanya kile kilichokatazwa: niliisukuma na kidole. Ikatembea! Ilitelemuka juu ya reli sawa kigari cha waya. Nilijua mara moja kwamba nimevunja kitu. Nikairudisha kwa karto, nikafunga kamba vile ilikuwa.

Siku ya yenga baba aliiweka kwa meza, akafungua moto. Moteri ililia, magurudumu hapana. Alifunga moto. Aliisukuma na kidole kimoja, ikatembea. Hakuhitaji turnevisi. Aligeuka.

«Nani alisukuma hii mashini?»

Sijui neno lilitoka wapi haraka vile. Nilisema: «Njo yee, baba. Nilimuona.»

Mudogo wangu alifungua kinywa. Akasema: «Baba, haiko miye!» Lakini siku mbili mbele mama alikuwa amemukuta chini ya kitanda karibu na karto, akimugombeza mbele yetu wote. Kweli alikuwa karibu na karto, alitafuta mupira. Kwa hiyo alionekana mwenye kosa, tena mwenye bongo. Alipigwa mukaba. Sitaeleza zaidi. Kile ninachokumbuka kupita mukaba ni hiki: alipokuwa anapigwa hakumuangalia baba. Aliangalia miye.

Posho iliyofuata baba alinishika mukono mimi peke yangu, tukaenda depo. Alisema mutoto asiyesikia katazo haingii pahali pa mashini, anaweza kukatwa mukono. Na posho ingine vile vile, na ingine. Mudogo wangu alibaki kwa mulango. Kiisha miezi hakusimama tena kwa mulango. Mimi ndiye nilijifunza kushika eto na tupa, kusikia moteri na kujua inaumwa wapi. Mupaka leo ninakula kwa kazi ile, ni fundi wa kufunga upya waya za moteri, na watoto wangu walisoma na franga zake. Yeye alisoma ualimu, akaenda kufundisha Likasi. Ni mwalimu muzuri, watu wa kule wanamusifu. Lakini mashini zilikuwa zake, na nafasi yake nilikula mimi.

Baba alifariki mwaka wa 2008. Sikumuambia. Alikuwa muzee, nilijipa sababu kwamba si vizuri kumusumbua na mambo ya utoto. Sababu za vile ziko nyingi sana, hazikosi siku hata moja.

Mwaka wa 2022 mama alihama nyumba ndogo, na kati ya vitu mulikuwa karto ile, kamba ile ile. Akanipa, juu «weye njo fundi». Nilikaa nayo juma mbili bila kuifungua.

Siku niliyoifungua nilianza vile ninaanza na kila moteri: kwanza moteri, kiisha kile inachozungusha. Niliunga batri ya pikipiki ya volti 12, maana transfo ya zamani sikuiamini. Kimya kabisa. Mafuta mazito waliyotia kiwandani yalikauka yakawa sawa gundi ya viatu. Niliyaosha na alkoli na burashi ya meno. Nikatoa sharbo, vile vikaa viwili vinavyopeleka umeme ndani ya moteri, nikasafisha mifereji ya shaba na kijiti cha meno. Sikutoa roho ya moteri kutoka kwa sumaku yake, nawe kijana usifanye vile, kwa maana sumaku za zamani zinapoteza nguvu ukizifungua. Tone moja la mafuta kwa kila upande, si mbili: mafuta yakizidi yanafika kwa sharbo na kwa reli, na umeme unakosa njia. Nikaunga tena batri. Moteri ililia sauti ile ile ya 1979. Mimi mwenyewe nilitoa kidole haraka.

Visi ilizunguka vizuri. Magurudumu hapana. Nikatoa kifuniko cha chini na kuweka lampi karibu.

Mashini ile ilikuwa na akisi mbili za kusukumwa, kila moja na pinyo yake ya plastiki ya meno 20. Pinyo inaingizwa kwa nguvu juu ya akisi ya chuma, haina visi wala gundi, inashika kwa sababu inakaza tu. Na plastiki ya namna ile, miaka ikipita, inajivuta. Chuma ndani hakijivuti. Basi plastiki inakaza, inakaza, mupaka siku moja inapasuka pahali pembamba, kati ya jino na jino. Mufa ule unapanua nafasi kati ya meno mawili, na kila visi ikipita pale inaruka: tok. Kiisha pinyo inalegea, akisi inateleza ndani yake. Nguvu inapunguka. Mabehewa matano, kiisha manne, kiisha matatu.

Pinyo zote mbili zilikuwa zimepasuka. Pahali pamoja, namna moja, sawa mapacha. Na ndani ya mifa ile mulikuwa mafuta meusi ya zamani, yameingia mupaka chini na kukauka. Mufa wa siku moja hauna mafuta ya vile. Ile mashini ilikuwa inakufa miezi mbele mimi sijafungua karto. Ya kwanza ilikuwa imelegea, ya pili ilikuwa inavuta peke yake, na ikaachia siku ile, mukononi mwangu. Ingeweza kuachia siku ya yenga, mukononi mwa baba.

Utafikiri nilifurahi. Nilikaa na lampi mukononi, nikafikiri: kumbe hakuna mutu aliyevunja. Kulikuwa tu kipande cha plastiki kilichochoka. Kile kingine chote kilichotokea nyumbani kwetu, kile hakikufanywa na plastiki.

Nilianza kutafuta pinyo. Kwanza, kwa ujinga, nilijaribu gundi. Plastiki ile haipendi gundi, ilizunguka mara tatu ikaachia. Hapa Lubumbashi hakuna duka la vitu vile, lakini kuko watu sokoni wanaofungua mashini za kuchapa za biro zilizokufa, na ndani ya hizo pinyo ni nyingi sawa muhindi kwa gunia. Lazima tu ujue kuchagua. Kuhesabu meno haitoshi, jino lenyewe lazima liwe na unene mumoja na lile la visi. Namna ya kupima ni hii: upime upana wote wa pinyo, mupaka kwa ncha za meno, kiisha ugawanye na hesabu ya meno ukiongeza mbili. Yangu ilikuwa milimetre 8,8. Meno 20 na 2 ni 22. Unapata 0,4. Nilitafuta meno 20 ya 0,4, na siku ya tatu nilipata mbili za namna moja. Meno yake yalisimama wima, hayakulala kidogo vile visi inapenda, kwa hiyo yanapiga kelele kidogo. Nikasema si kitu.

Tundu lake lilikuwa la milimetre 3, akisi yangu 2. Fundi mumoja wa kuchonga chuma alinitengenezea vibomba viwili vya shaba ya manjano, kujaza nafasi. (Tunakaa juu ya shaba ya dunia, lakini kupata kafimbo ka shaba ya manjano nilizunguka siku mbili.) Nilimuomba asikaze sana: iingie kwa kusukuma na eto pole pole, si kwa nyundo. Kukaza sana ndiko kuliua zile za kwanza.

Niliporudisha magurudumu nilifanya kosa la mutoto. Gurudumu moja la kila akisi limetengwa na plastiki kusudi umeme usipite kutoka reli moja kwenda ingine. Lazima yote yaliyotengwa yawe upande mumoja. Mimi niligeuza akisi moja. Nilipounga batri, waya ulipata moto, moshi kidogo, na mutoto wangu wa mwisho alicheka sana kuona fundi muzima vile. Nikatoa, nikageuza, nikapima tena nafasi kati ya magurudumu, karibu milimetre 14,4. Ikatembea. Bila tok.

Posho moja nilifunga karto na kamba ile ile, nikapanda bisi ya Likasi. Ni kilometre karibu 120. Njia nzima niliitia juu ya magoti.

Mudogo wangu alinipokea vizuri, mukewe akaleta maji na chakula. Aliona karto, hakuuliza. Watoto wake walipotoka nje, nilimuambia. Nilianza na pinyo, mifa, mafuta meusi, plastiki inayojivuta. Nilieleza sana, sawa mutu anaepuka mulango kwa kuzunguka nyumba. Alisikiliza mupaka mwisho. Kiisha nikasema: «Siku ile, njo miye niliisukuma. Nikasema bongo juu yako.»

Alinyamaza. Kiisha akasema: «Yaya, ile nilijuaka. Miye sikuigusa, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Ungefikiri nani? Nilikuwa nangoja tu uiseme.»

«Unisamehe, mudogo yangu.»

«Na baba? Ulimuambia?»

«Hapana.»

Pale aliangalia chini muda murefu. Hakusema ni vizuri, hakusema si vizuri. Mukewe aliingia kuondoa sahani, akatuona, akatoka tena na sahani zingine zikibaki.

Tulipanga reli kwa meza, yeye upande mumoja, mimi upande mwingine. Tuliunga mabehewa matano. Alifungua moto kidogo tu, vile baba alifanya. Mashini iliondoka pole, ikazunguka. Aliinama, akaweka sikio karibu na meza.

«Iko na kelele kidogo.»

«Ni meno. Hayakulala sawa ya kwanza.»

«Hapana. Meno ninayasikia. Hii ni upande wa moteri. Kuko kitu kinagusa.»

Mimi sikusikia kitu. Nimefanya kazi ile zaidi ya miaka 30, na sikusikia kitu. Alifunga moto, akainua mashini na vidole viwili, akaigeuza chini juu, akanyoosha mukono bila kuniangalia.

«Leta turnevisi.»

Nilimupa. Kiisha nikawasha lampi, nikaishika karibu na mikono yake.